Kigari Kisichorudi Nyuma

Nchi hii usiitafute kwenye ramani. Waliotumwa kuichora walifika mpakani, wakaambiwa wasubiri msafara upite, wakasubiri, wakachoka, wakarudi kwao. Kwa hiyo msomaji akiona humu kiongozi anayefanana na kiongozi wake, au shimo la barabarani linalofanana na lile analolikwepa kila asubuhi, ajue macho yake ndiyo yenye tabu. Sisi hatujasema kitu.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo palikuwa na kichochoro kimoja kilichoishia kwenye ukuta wa nyumba, na ndani ya nyumba hiyo aliishi Mzee Chambuso, fundi magodoro. Shule aliiacha mapema, siku mwalimu alipowaagiza watoto walete kila mmoja kuku wa kumkaribishia mkaguzi. Kwao kulikuwa na kuku mmoja, na kuku huyo alikuwa anataga. Mama yake alipiga hesabu akaona heri mtoto aache shule kuliko kuku aache kutaga. Tangu hapo Chambuso hakumwona mkubwa yeyote bila kujiuliza amekula kuku wa nani.

Mkewe, Bi Mwantumu, alikuwa akimpikia daktari wa meno wa kigeni. Daktari alipohama alimwachia kigari ambacho hakuna meli iliyotaka kukibeba. Kilikuwa cha zamani, cha miaka ile ambayo huko kwao petroli ilikuwa adimu, watu wakaunda magari ya kupenyeza mjini mtu na mkewe na kikapu chao cha sokoni, basi. Kilikuwa na magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, na taa zilizotokeza kama macho ya chura. Mlango ulikuwa mmoja, tena puani. Unaufungua kama friji, usukani unafuatana nao, unaingia, unajifungia. Paa lilikuwa turubai. Kwa kuwa rangi yake ilikuwa ya kiini cha yai, mtaa mzima ulikiita Yai.

Gia ya kurudi nyuma Yai halikuwa nayo. Aliyeliunda alisahau au alibania, hatujui. Badala yake alipachika mpini wa chuma kwa nyuma, kama wa sanduku. Ukitaka lirudi, mtu anashuka, ananyanyua, anavuta.

Basi kila jioni kichochoro kilipata tamasha la bure. Bi Mwantumu, ambaye ndiye aliyekuwa dereva, hakushuka. Alibaki ameketi juu ya mto wa sufi alioshonewa na mumewe ili aone mbele, na Chambuso alimvuta kinyumenyume mpaka ukutani kwao, pua ya gari ikitazama nje ili mlango uweze kufunguka. Njia nzima bibi alipunga mkono huku na huku kama mkuu wa nchi.

"Chambuso!" Mama Chausiku, muuza vitumbua, alikuwa akimpigia kelele kutoka barazani kwake. "Leo umemtoa wapi huyo bibi harusi?"

"Nimempata kwa mkopo, shemeji. Sijui kama nitamaliza."

"Mvute polepole, asije akakushtukia!"

Na Bi Mwantumu ndani ya Yai anacheka mpaka gari linatikisika.

*

Asubuhi moja kifua kilimbana Bi Mwantumu. Chambuso alimbeba, akamketisha upande wa abiria juu ya mto wake, akashika usukani ambao maishani mwake hakuwahi kuushika. Miaka yote ya kukaa pembeni na kutazama ilimsaidia. Yai likaenda kwa kuruka kama sungura mpaka njia panda ya Shukurani. Pale, ukinyoosha shingo, unaliona tangi la maji la hospitali.

Koplo Tindwa alikuwa katikati ya barabara na glavu zake nyeupe.

"Simama! Subirini Mheshimiwa apite."

"Nina mgonjwa, afande."

"Wa nini?"

"Wa moyo. Tunakwenda hapo tu, hospitali."

"Mzee, na Mheshimiwa anakwenda hapohapo. Anakwenda kuwafungulia jengo la wagonjwa wa dharura. Sasa wewe unataka kumtangulia, uende ukaugulie kwenye jengo ambalo halijafunguliwa? Hebu tumia akili."

Mheshimiwa mwenyewe, Kinara wa Taifa, alikuwa bado anakunywa chai nyumbani kwake. Barabara ilikuwa nyeupe, haina hata mbwa. Chambuso akaomba, akashuka, akapiga magoti kwenye lami, akaambiwa magoti yake yanaingilia usalama.

Aliporudi ndani mkewe alimtazama. Sauti ilikuwa imebaki kidogo.

"Zima injini, baba," alisema. "Mafuta yanaisha bure."

Akazima. Msafara ulipokuja kupita, na ngoma zake na ving'ora vyake, hakukuwa tena na haraka yoyote. Chambuso aligeuza gari kwa kuzunguka njia panda yote, akamrudisha mkewe nyumbani. Huko hospitali jengo la dharura lilifunguliwa kwa shangwe, na kwenye hotuba ilisemwa kwamba kuanzia leo hakuna mwananchi atakayekufa kwa kuchelewa.

Baada ya mazishi watu walimshauri auze Yai. Alikataa. Kila Ijumaa aliliosha, akaliwasha, akalisikiliza likikohoa, akalizima. Lipo jambo moja alilokuwa akilitaka, na hakumwambia mtu ila Mama Chausiku: safari ile ilikatwa katikati, na yeye alitaka siku moja aimalize. Apite pale Shukurani bila kuambiwa asubiri, afike kwenye geti.

"Ukifika utafanya nini, shemeji?"

"Sijui. Nifike kwanza."

Kila akishika ufunguo mkono ulikataa. Alikuwa bado anaungoja mkono ukubali, serikali ilipotangaza Mwaka wa Kubana Mkanda.

*

Mkanda ulibidi ubanwe kwa sababu hazina ilikutwa tupu. Nani aliyeimaliza halikuwa swali la kizalendo. Ikaundwa Wizara ya Unyenyekevu wa Taifa, ikajengewa ghorofa lenye lifti za vioo ili wananchi wawaone watumishi wao wakishuka. Waziri wake alikuwa Dakta Pangamawe, aliyepewa udaktari na chuo alichokifungua kwa kukata utepe. Dakta alichukua ujumbe wa watu wazito, wakazunguka mabara yote wakijifunza unyenyekevu kwenye hoteli zake bora, wakarudi na pendekezo: Kinara apande gari dogo.

Likatafutwa gari dogo kuliko yote nchini. Haikuchukua muda kufika kichochoroni kwa Chambuso.

"Mzee, hongera sana!" alisema Waziri, akiwa bado ndani ya gari lake kubwa, kioo kimeshushwa kiasi cha kupitisha hongera tu.

"Ya nini?"

"Umejitolea."

"Nimejitolea nini?"

"Ahaa! Mmesikia?" Waziri aliwageukia wapambe, macho yamelowa. "Mtu anajitolea hata hajui anachokitoa. Huu ndio unyenyekevu tulioufuata mpaka ng'ambo."

Askari walikuwa wameshalifunga Yai kamba. Chambuso alisimama mbele yake amenyoosha mikono kama anayezuia ng'ombe.

"Hili ni la marehemu mke wangu."

"Marehemu naye tunamshukuru."

"Mtalirudisha lini?"

"Mzee, taifa linaazima. Taifa likiazima kwako, wewe unakuwa umekopesha nchi nzima. Nani mwenye bahati hiyo hapa mtaani?"

"Halina gia ya nyuma hilo," Mama Chausiku alidakia kutoka barazani, akitaraji kuwavunja moyo. "Kurudi haliwezi. Mpaka livutwe kama mbuzi."

Waziri alishuka kwenye gari, jambo ambalo wapambe wake walikuwa hawajaliona likitokea mtaa wa watu. Alilizunguka Yai taratibu, mdomo wazi, kama aliyetokewa.

"Haliwezi kurudi nyuma," alinong'ona. "Kabisa?"

"Kabisa, baba."

"Mbele tu?"

"Mbele tu."

"Andikeni hiyo!" alipiga ukelele. "Andikeni upesi!"

Katika hekaheka hiyo Chambuso aliwahi kuuchomoa mto wa sufi kwenye kiti na kuuficha ndani ya shati. Walipoondoka walimwachia kofia ya chama, ndogo kidogo kwa kichwa chake.

*

Mbele Tu likawa neno la taifa. Likapigwa kwenye sarafu, likashonwa kwenye sare za shule, likaimbwa misibani. Hapo ndipo nchi ilipoonja raha ya falsafa.

Kwanza magari yote ya serikali yalitolewa gia za kurudi nyuma, kumuunga mkono Kinara. Vioo vya pembeni navyo vikang'olewa, kwa kuwa mtumishi mwaminifu hana shughuli na yaliyo nyuma yake. Dereva wa katibu mkuu akipitiliza ofisi kidogo tu, ilibidi auzunguke mji mzima aje aingie upya, na katibu mkuu alilipwa posho ya safari. Wakaguzi wa hesabu wakakatazwa kukagua mwaka uliopita, maana uko nyuma. Wakaagizwa wakague mwaka ujao, ambao walikuta hauna wizi wowote. Askari kwenye msafara wakapewa amri watazame mbele muda wote. Atakayeonekana amegeuka, au amekiona kitu kilicho nyuma, kazi hana.

Siku ya Kinara kuingia kwenye Yai mara ya kwanza, taifa lilisimama. Kinara alikuwa mtu aliyejaaliwa nyama. Walimpaka mafuta ya nazi mbavuni, mawaziri wawili wakasukuma, wa tatu akaomba dua, akaingia. Viatu vikabaki nje kwa kukosa nafasi, vikatengewa lori lao. Vioo vikawekwa giza, maana unyenyekevu haupendi kutazamwa sana. Nyuma ya lori la viatu likaja gari la mpishi, na gari la daktari, na gari kubwa la Kinara likitembea tupu endapo dogo litachoka, na basi la ngoma, na magari ya wizara kila moja na lake. Yai lililoundwa lipenye mjini bila kumsumbua mtu sasa lilikuwa likitoka, mji mzima unafungwa.

Na kwa kuwa gari dogo halionekani vizuri kwenye njia nyembamba, ikaamriwa njia zipanuliwe ili udogo wake uonekane.

Hivyo ndivyo baraza la Mama Chausiku lilivyobomolewa. Kinara alikuwa amesema atakwenda mwenyewe, akiendesha kwa mkono wake, kumshukuru mwananchi aliyejitolea. Tingatinga likaingia kichochoroni, likala mabaraza ya upande mmoja yote, likaacha ukanda wa vifusi kando ya mtaro.

"Haya, shemeji," Mama Chausiku alimwambia Chambuso, amekaa juu ya kifusi chake na kikaango chake. "Kigari chako kilikuwa kinapita hapa na mimi nikiwa nimenyoosha miguu. Sasa kimenenepa nini?"

"Kimenenepa tumbo la mtu," alisema Chambuso.

*

Kinara alikuja siku ya Ijumaa, kabla jua halijapata makali. Yai mbele, msafara wote nyuma, televisheni ikirusha moja kwa moja. Watu walipangwa kando wakapewa bendera. Kichochoro kilikuwa kimefagiliwa, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia Kinara kwamba mwisho wake ni ukuta. Kumwambia mkuu wa nchi kwamba mbele yake kuna mwisho kulikuwa kosa la uhaini.

Akaja, akaja, akaona ukuta, akakanyaga breki. Yai likasimama pua imekaribia kugusa plasta, chini kidogo ya dirisha la Chambuso. Nyuma yake magari ya msafara yakasimama moja baada ya jingine, yamegusana, mpaka barabara kuu.

Ngoma zikapigwa, zikanyamaza. Watu wakangoja mlango ufunguke.

Mlango ulisogea unene wa kidole, ukagonga ukuta. Ukajaribu tena. Ukagonga ukuta. Ndipo kichochoro kizima kikaelewa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuonekana ameelewa.

"Si mlivute nyuma tu!" Mama Chausiku alisema kwa sauti. "Mpini huo hapo!"

Akakamatwa mara moja. Kwa kuwa magari yote yalikuwa yamebanana na hapakuwa na pa kumpeleka, aliwekwa chini ya ulinzi palepale, akaendelea kupika vitumbua vyake chini ya ulinzi, na askari wanaomlinda wakawa wateja.

Dakta Pangamawe alishika kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Kinara anautafakari ukuta!"

Makofi.

Baadaye kidogo turubai la paa likafunguka, kikatokea kichwa cha Kinara kimelowa jasho.

"Kinara anatazama mbali!" alitangaza Waziri. Makofi tena.

Mbali yenyewe ilikuwa dirisha la Chambuso, na Chambuso alikuwa dirishani, ameegemeza viwiko. Kati ya nyuso zao palikuwa na nafasi ya kupitisha sinia.

"Wewe," Kinara alisema chinichini ili televisheni isisikie. "Ndiye mwenye nyumba?"

"Ndiye mwenye gari."

"Humu ndani kuna joto la kuua."

"Likisimama huwa hivyo. Zima injini. Mafuta yanaisha bure."

Kinara akazima. Hakujua ametii maneno ya nani.

"Sogea basi nipite hapo dirishani."

"Subiri kidogo," alisema Chambuso.

Kinara aligeuza kichwa aone anayeambiwa subiri ni nani. Alipokuta yuko peke yake uso ulimbadilika, kama mtu aliyeonjeshwa chakula cha watu wengine.

"Nisubiri nini?"

"Na mimi niliuliza hivyohivyo. Pale Shukurani. Mke wangu alikuwa kwenye hicho kiti cha pembeni ulikoweka mkono. Ilikuwa siku unakwenda kufungua jengo la dharura."

Kinara akakunja uso kukumbuka, ukakunjuka. "Ah, siku ile! Ngoma zilikuwa nzuri sana siku ile."

"Gari hili hukuliona?"

"Mzee wangu, mimi hutazama mbele."

Chambuso alimwangalia. Aliutazama mdomo ule unaohema, na midomo ilivyoanza kupauka, rangi aliyokwisha kuiona ndani ya gari hilohilo. Moyo wake ulisema funga dirisha, kalale. Angefunga. Kilichomzuia ni kwamba Yai lilikuwa la Mwantumu, naye Mwantumu alikuwa mtu safi. Haikufaa aachiwe uchafu wa aina ile kwenye kiti chake.

"Nataka gari langu," alisema.

"Chukua."

"Kwa sauti."

"Gari lako! Lako! Nivute, mzee, nakufa!"

Chambuso akaburuta godoro jipya, akalitandika chini ya dirisha, akamshika mkuu wa nchi makwapani. Mafuta ya nazi yalisaidia. Kinara alitoka kwenye Yai kama mhogo unaong'olewa, akaingia dirishani kichwa mbele, akaangukia sufi bila kiatu hata kimoja.

"Amepita!" Waziri alilia kwa furaha kwenye kipaza sauti. "Kinara amepita ukutani! Mbele Tu!"

Na kwa kuwa kiongozi amepita dirishani, kila mwenye cheo naye ilimpasa apite dirishani, kwa mpangilio wa vyeo. Walipanda juu ya Yai, wakajitosa ndani, wakakanyaga mafungu ya sufi ya Chambuso, wakatokea mlango wa nyuma wamejaa sufi kama kuku walionyeshewa. Katibu mmoja aliuliza choo kiko wapi. Mwingine alichukua sufuria.

Uani Kinara alipandishwa kwenye mkokoteni wa muuza maji, maana hapakuwa na kingine. Hewa ilimrudia, na ukubwa ukarudi nayo.

"Lile gari," aliamuru, kidole juu, "libaki palepale lilipo. Ni mnara wa taifa. Asiliguse mtu."

"Umesema ni langu," alisema Chambuso.

"Nilisema lini?"

"Sasa hivi, hapo dirishani."

"Hiyo si imeshapita?" Kinara alimshangaa. "Mzee, jifunze kutazama mbele."

Mkokoteni ukaondoka, mawaziri wakiusukuma kwa zamu, wakigombania zamu.

*

Chambuso alirudi ndani. Alikaa juu ya godoro lililobonyea, akakaa. Kisha akainuka, akachukua mto wa sufi mahali alipouficha, akaukung'uta, akatoka nje.

Kichochoroni askari walikuwa bado mistari miwili, wamekakamaa, macho ukutani. Hakuna aliyewaambia walegee. Chambuso aliweka mto kwenye kiti cha abiria kwa kupitia paa, akazunguka nyuma ya Yai, akainama, akashika mpini.

Ulikuwa bado umelika pale vidole vyake vilipozoea.

Akanyanyua, akavuta. Yai likaja.

Askari wa kwanza aliisikia sauti ya gurudumu. Shingo ilimcheza, haikugeuka.

"Mzee," alinong'ona bila kutikisa midomo, "unakwenda wapi na hilo?"

"Nyuma."

Askari alikuwa na mke na watoto, na kazi ilikuwa ya kupatikana kwa bahati. "Sijaona kitu," alisema.

"Na huwezi," alisema Chambuso.

Akapita wa pili, akapita wa tatu, mstari mzima wa macho ya serikali ukiutazama ukuta kwa utiifu. Mbele ya lori la viatu njia iliziba. Magari ya msafara yalikuwa yamejaza kichochoro chote cha zamani, upande huu mpaka ule. Palipobaki wazi ni ukanda ule wa vifusi kando ya mtaro, na ukanda wenyewe ulikuwa upana wa Yai, kana kwamba limepimiwa.

"Pitisha hapa, shemeji," Mama Chausiku aliita. "Hapa ndipo barazani kwangu. Karibu barazani." Akaacha kikaango, akashika upande wa pili wa mpini. Askari wanaomlinda walikuwa na vitumbua mdomoni, nao wakatazama mbele.

"Unatoroka ulinzi," Chambuso alimwambia.

"Natoroka kwa kurudi nyuma. Nani ataniona?"

Wakavuta. Lori la viatu likapita, gari la mpishi likapita, gari kubwa tupu la Kinara likapita likinguruma kiyoyozi. Mama Chausiku alitazama kiti cha abiria, akaona mto, akazidi kuvuta. Wakafika barabara kuu hawana pumzi.

"Bibi harusi umemtoa wapi leo?" aliuliza taratibu.

"Kwa mkopo," alisema Chambuso. "Ndiyo naenda kumaliza."

Akafungua mlango wa puani, akaingia, akajifungia. Akafunga turubai. Mkono ulipofika kwenye ufunguo haukukataa.

Barabara ilikuwa nyeupe, haina hata mbwa, kwa kuwa ilifungwa tangu asubuhi kumsubiri Mheshimiwa arudi. Njia panda ya Shukurani Koplo Tindwa aliliona Yai likija na vioo vyake vya giza, akapiga saluti mpaka kofia ikaruka. Glavu zilikuwa zilezile. Chambuso alipunguza mwendo, kwa mazoea ya woga.

"Pita, Mheshimiwa!" Koplo alipaza sauti, akiurusha mkono ule uliomsimamisha siku ile. "Usisubiri, Mheshimiwa, njia yote yako!" Na akiwa bado ameganda kwenye saluti alishika redio kwa mkono wa pili, akaita hospitali kwamba Yai linakuja.

Chambuso akapita. Baada ya hapo palikuwa na mti mmoja, kibanda cha magazeti, ukuta mrefu kidogo uliopakwa chokaa. Halafu geti. Alikuwa amejiandaa kwa safari, na safari ikawa imekwisha. Injini ilikuwa haijapata hata moto.

"Ni hapa tu?" aliuliza kwa sauti, akiutazama mto. "Ni hapa tu, mama?"

Geti lilikuwa wazi kabisa. Mganga mkuu alikuwa mbele na tai, nyuma yake madaktari, nyuma yao wauguzi na kitanda cha magurudumu chenye shuka jipya, na mtungi wa oksijeni, na mtu wa kushika dripu. Chambuso alisimama, akafungua mlango wa puani, akabaki ameketi.

Walimwona fundi magodoro mwenye sufi kwenye ndevu. Wakalitazama gari. Gari lilikuwa lenyewe. Kwa hiyo mtu huyu alipaswa kuwa unyenyekevu wa ngazi ya juu zaidi, ambao bado haujatangazwa, na kuuliza maswali kungekuwa hatari.

"Mgonjwa yuko wapi, Mheshimiwa?" mganga mkuu aliuliza, ameinama.

Chambuso akataka kujibu. Alikuwa na maneno mengi, aliyaweka muda mrefu. Akaonyesha kwa kidole kiti cha pembeni.

Mganga mkuu aliutazama mto. Aliutazama vizuri, ulivyobonyea katikati. Kisha akapiga makofi, akakaripia watu wake, na wauguzi wawili wakauinua mto kwa mikono minne, wakaulaza kitandani, wakaufunika shuka mpaka nusu, wakauwekea oksijeni, wakakimbia nao ndani ya jengo la dharura wakipiga kelele njia, njia, njia.

Na kote walikopita nao, mpaka mwisho wa ukumbi, hakuna mtu aliyeuambia usubiri.